Pikipiki Iliyokaa Chini ya Turubai

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Wewe binti yangu kaa upande huu wa sikio linalosikia, na wewe mwanangu acha kusimama mlangoni kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa. Vuta kile kigoda cha karakana ukae. Mama yenu yupo hapa miguuni pangu, na nikipotosha neno atanisahihisha, kwa kuwa kwa miaka arobaini hiyo ndiyo kazi aliyoifanya bila likizo. Daktari amesema moyo wangu umechoka, nami sikubishana naye, maana mtu aliyeishi kwa kusikiliza injini za wenzake hawezi kujifanya kiziwi ya kwake inapokosa mapigo. Nimekula chumvi nyingi, sidai zaidi. Nimewaita mchana huu, akili zangu zikiwa timamu na tumbo langu lina uji, ili asije mtu akasema baadaye kwamba mzee aliweweseka.

Najua mmekuwa mkiulizana juu ya ile pikipiki. Nyumba haina maneno, ni ya mama yenu mpaka atakapofumba macho, na karakana nitaisema baadaye. Lakini pikipiki ile imekaa katika nyumba hii kama mtu wa tano, na kabla sijasema inakwenda kwa nani lazima mjue ni kitu gani mnachopewa.

Niliinunua nikiwa kijana, na hata wakati ule ilikuwa ya zamani. Ilikuwa chuma kitupu kuanzia taa mpaka bomba la moshi, nzito kama ng'ombe aliyekataa kuondoka zizini. Haikuwa na kitufe cha kuwashia. Ulikuwa unafungua mafuta, unabonyeza kabureta mpaka iteme kidogo, unaisukuma kiki taratibu mpaka uisikie inagoma, ndipo unaikanyaga kwa uzito wako wote, na ukikosea hesabu inakurudishia teke la goti ambalo utalikumbuka wiki nzima. Breki zake zilikuwa za kuombea dua. Ilivuja oili kila ilipoegeshwa, mpaka majirani wakawa wanajua nimeshinda wapi kwa kutazama sakafu zao. Msije mkadanganywa na watu wa siku hizi wanaosema pikipiki za kale zilikuwa bora kuliko za leo. Hazikuwa bora. Nimetengeneza za kale na za sasa, na mikono yangu ndiyo mashahidi.

Mbona basi niliipenda? Niliipenda kwa sababu niliweza kuijua yote. Hapakuwa na kijisanduku kilichofungwa ambacho fundi haruhusiwi kukifungua. Kila kilichosogea ulikiona kikisogea, na ilipoharibika, ubaya ulikuwa mahali fulani, unashikika kwa vidole. Na jambo la pili ni hili: iliharibika mbele za watu. Ukiwa na mashine isiyoharibika unapita mitaa yote bila kumjua mtu. Mimi, kila mtaa niliopita, kuna mlango niliougonga nikiomba waya, au kamba, au maji ya kunawa. Nusu ya watu niliowapenda duniani niliwapata nikiwa nimepiga magoti kando ya barabara, uso umejaa masizi.

Unacheka, mama watoto. Basi waambie. Au niwaambie mimi, wewe usahihishe. Gasketi, ile karatasi ngumu inayozibia oili kati ya vyuma, ilipasuka mbele ya kibaraza ambapo msichana mmoja alikuwa akishona, na oili ikamwagika mpaka karibu na miguu ya cherehani yake. Nikaona boksi la viatu tupu pembeni yake, gamba gumu zuri, linalofaa kukatwa gasketi ya kunifikisha nyumbani. Nikamwomba boksi, akanipa. Nikamwomba mkasi. Akaushika kifuani kama ninataka kumnyang'anya mtoto.

"Mkasi huu haukati karatasi," akaniambia. "Ukikata karatasi unakufa."

"Dada, ni kidogo tu, duara moja."

"Hata nusu duara. Kalete wako."

Nikakaa pale juani nikichana boksi kwa meno, nikikata kwa kipande cha wembe, naye akinitazama kwa pembe ya jicho, mpaka huruma ikamshinda akaingia ndani akatoka na mkasi wa jikoni. Hakunipa. Alilikata lile duara yeye mwenyewe, kwa kulitazama tu, na likakaa kwenye bolti zake bila kupungua wala kuzidi. Nikasema moyoni, mwanamke anayekata gasketi kwa jicho, nikimwacha hapa nitajilaumu mpaka kaburini. Baadaye aliiita pikipiki ile mke mwenza, lakini mke mwenza huyo ndiye aliyetuozesha.

Sasa sikilizeni, maana nimewachekesha ili nipate nguvu ya kusema linalofuata.

Mnamjua mchomeleaji, yule mnayemsikia akiitwa Cheche, anayetengeneza mageti kule mwisho wa barabara ya kiwandani. Mmekua mkijua kwamba mimi naye hatusalimiani, na mmekua mkijua sababu, kwamba kazi yake mbovu nusura imuue binti yangu. Zamani alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Tulikula sahani moja. Uma wa nyuma wa pikipiki, ule unaoshika gurudumu, ulipata ufa, nikampelekea, akauchomelea kwa siku nzima, akausugua mpaka ukawa laini kama haujawahi kuumia. Wiki moja baadaye nikakupakia nyuma yangu, binti yangu, ulikuwa na miaka tisa, tukaenda kumsalimia bibi yako. Kwenye mteremko wa shule gurudumu la nyuma likachomoka, cheni ikakaba, tukaanguka. Mimi nilichubuka. Wewe mkono wako ulivunjika mahali pawili.

Watu wakajaa. Fundi mmoja akauliza, "Si ndiyo ile aliyochomelea Cheche juzi?" Nami nikajibu, mbele ya watu wote, nikiwa nimekushika: "Cheche anachomelea kwa mate."

Neno lile likatembea. Ulimi hauna mfupa, lakini unavunja mifupa ya watu. Ikawa msemo wa mafundi wote wa mjini, kitu chochote kikivunjika wanacheka na kusema kimechomelewa kwa mate. Mwaka haukwisha, akawa hana pikipiki hata moja ya kutengeneza. Akahama na mashine yake, akaanza kuchomelea madirisha na mageti, yeye aliyekuwa na mkono wa kuunganisha chuma chembamba kama ganda la yai.

Na ukweli ni huu. Jioni ya siku ile nilirudi karakana kuosha damu mikononi, nikaona juu ya meza, ndani ya kifuniko cha kopo la grisi, pini. Ile pini ndogo inayopita katika tundu la ekseli, chuma cha katikati ya gurudumu, kuizuia nati isilegee. Asubuhi nilikuwa nimelishusha gurudumu kukaza cheni, mteja akaniita, nikaongea naye huku nikilirudisha, nikafunga nati, pini ikabaki mezani. Nati ikajifungua yenyewe njiani. Kazi ya Cheche haikuwa na kosa hata la unywele. Kosa lilikuwa langu, na nililijua siku ileile, nikiwa nimesimama peke yangu, na nikaichukua ile pini nikaitupa mtaroni.

Ngoja, binti yangu. Usiseme kitu bado. Niache nimalize, pumzi yangu siku hizi ni ya kupimiwa.

Nikaifunika pikipiki kwa turubai, nikaisukuma kwenye kona, nikakaa miaka ishirini na mitano bila kuiwasha. Ninyi mkadhani ni mapenzi. Walikuja watu wenye kamera na viatu safi, wale wanaokusanya pikipiki za zamani, wakaizunguka wakishika mashavu, wakanisihi niwauzie, nami nikakataa, wakaenda wakinisifu kwamba mzee huyu anajua thamani ya vitu vya kale. Aibu ndiyo iliyokataa. Nani angeuza mashine ambayo mnunuzi akiifungua ataona tundu la pini liko wazi?

Aibu ni mdudu, wanangu, isipotoka hugeuka kuwa ukali. Wewe mwanangu ulipokuja kuniambia umepata kazi katika duka la pikipiki mpya, nilikucheka mbele ya wateja. Nikasema kipya kinyemi kingawa kidonda. Nikakuita muuza plastiki. Siku mlipofungua lile duka lenu la pili, ulinitengea kiti mbele, nami nikajifanya naumwa mgongo. Ulikuja jioni na soda na keki, hukuniuliza mgongo unaendeleaje. Ulijua. Nisamehe kwa kile kiti kilichokaa kitupu. Sikuwa ninagombana na pikipiki zako. Nilikuwa ninamwogopa kila mtu aliyejua kufungua nati na kutazama ndani.

Kisha mwaka jana, nilipotoka hospitali mara ya kwanza, mwanangu huyu akanijia akasema, "Baba, niruhusu niifufue ile. Kila jioni baada ya kazi. Wewe kaa kitini, uniongoze." Nikasema hapana. Akaja tena kesho yake, na keshokutwa yake. Mwisho nikasema ndiyo, labda kwa sababu nilikuwa nimeshaona mlango wa kuondokea, na mtu aliyeuona mlango ule haogopi tena madirisha. Akaifungua vipande vipande, akavipanga juu ya magunia kwa mpangilio, kila bolti na nati yake, na nikaona kwamba kijana wa plastiki ana mkono. Akausugua uma wa nyuma mpaka chuma kikawa cheupe. Akaleta taa. Akasema, "Baba, huku kuchomelea hakujaachia popote. Uma umepinda, lakini kiungo ni kizima." Kisha akashika ekseli, akaingiza kidole kwenye tundu, akaniangalia. Nami nikamwambia yote, mara ya kwanza kwa kinywa changu, nikilia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Ndiye aliyesema twende. Akanipakia kwenye hiyo pikipiki yake mpya, nami nikapanda nikiwa na dharau yangu ya miaka yote mfukoni. Alibonyeza kitufe, ikawaka kimya, kama mtu anayeitika kwa adabu. Tulipofika kwenye makutano ya soko mkokoteni ukatokea ghafla mbele yetu, umejaa vitanda. Akashika breki. Mimi nikafumba macho, maana ningekuwa na ile ya kwangu tungekuwa chini ya vile vitanda. Mashine ikasimama palepale, imenyooka, haikuserereka hata shubiri. Nikamwambia mgongoni, "Mwanangu, hizi breki ni nzuri." Akasema, "Unasemaje, baba? Kofia inaziba." Alikuwa amesikia. Alitaka niseme mara ya pili, nami nikasema mara ya pili. Leo nasema ya tatu, mbele ya mama yako na dada yako: unawauzia watu mashine zinazowarudisha nyumbani kwa watoto wao, na hiyo ni kazi ya heshima. Tena hakuna taa ya mashine yoyote, mpya wala ya zamani, itakayomwambia mtu kwamba ameacha pini mezani. Hilo ni la mwenye mikono.

Tulimkuta Cheche ameinama juu ya geti. Akainua kofia yake ya kuchomelea, akaniona, akaizima mashine. Amezeeka, macho yameliwa na moto. Nikamwambia nilichokuja kusema. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, hata kwa nyundo. Akafuta mikono taratibu, akasema, "Nilijua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ileile. Nilikuja uani kwako uliposhinda hospitali na mtoto. Nilitaka kuona kazi yangu imekosea wapi. Nikaona tundu liko wazi."

"Sasa mbona hukusema, ndugu yangu? Mbona uliniacha nikuharibie jina?"

Akakaa juu ya bomba la chuma. Akasema, "Mtoto wako alikuwa amefungwa plasta. Nikasema mwenzangu ana maumivu, nitamngoja aje mwenyewe. Nikangoja. Kisha nikakasirika, nikasema sasa hata akija sitamfungulia. Kisha nikazeeka, hasira zikawa nzito kubeba pamoja na vyuma. Umechelewa, lakini umekuja."

Tukashikana mikono, wazee wawili, tukashindwa kuachana. Nikamwambia kesho yake nitasimama pale mafundi wanapokunywa chai, niwaambie wote. Akakataa. Akasema, "Usianze na mimi. Mkono uliovunjika haukuwa wangu. Mwambie yule mtoto kwanza."

Mtoto mwenyewe ni wewe, binti yangu. Nimechukua mwaka mzima. Ulikuja likizo mbili kutoka huko unakofundisha, nikakutazama ukisahihisha madaftari ya hesabu kwa mkono ule usionyooka sawasawa, na mara zote mbili nikazungumzia mvua. Kaka yako alinifichia kwa sababu nilimwomba, usimlaumu. Basi nimekuambia. Ni mimi niliyekuvunja mkono, kwa uzembe, na ni mimi niliyemtwika mtu mwingine, kwa woga. Sema sasa. Sema lolote.

Unasemaje? Sogea, sikusikia. Rudia.

Ulipunga mkono?

Mungu wangu. Mama watoto, umesikia? Anasema alimwona rafiki yake kwenye geti la shule, akaniachia kiuno, akageuka kumpungia, na palepale tukaanguka. Anasema siku zote alijua ni yeye aliyeipindua. Ndiyo maana hukutaka tena kupanda. Ndiyo maana nilipomtukana Cheche mbele ya watu ulikuwa ukilia, nami nikadhani ni maumivu ya mkono. Miaka ishirini na sita, mwanangu. Mtoto wa miaka tisa amebeba pini yangu.

Nipe huo mkono. Sio huo, ule mwingine, uliopinda. Hukukosea kitu. Unanisikia? Ungempungia mji mzima, gurudumu lisingejali. Nati ilikuwa inajifungua tangu tulipotoka nyumbani. Ulikuwa mtoto aliyefurahi kupakiwa na baba yake, basi, na hilo ndilo kosa lako lote. Lia tu. Kaka yako naye analia, anajifanya anatazama dirishani.

Nawashukuru. Niacheni nishukuru kabla sijachoka. Nilikuwa na hofu kwamba nikifungua kinywa nitawapoteza, na tazama, ndiyo kwanza tumejaa chumbani. Nimepewa mke aliyekata gasketi kwa jicho, mwana aliyekuja siku tatu mfululizo ingawa aliambiwa hapana, binti anayenishika mkono baada ya haya, na rafiki aliyeningoja nikiwa sistahili kungojwa. Mtu akiniuliza nimechuma nini, nitamwambia aje ahesabu watu.

Sasa wosia wenyewe, ni mfupi. Karakana ni ya mwanangu. Leta vifaa vyako vya kusomea hizo injini mpya, weka kompyuta juu ya meza yangu, sitageuka kaburini. Lakini usitupe spana za zamani, maana wapo wenye vyuma vikuukuu wasio na pa kwenda, na usiache mbachao kwa msala upitao. Kona ya turubai sasa i tupu. Mpe Cheche kona ile, akitaka kuja, aweke mashine yake ya kuchomelea, na jina lake liandikwe mlangoni juu ya la kwako. Keshokutwa nenda pale kwenye chai ya mafundi ukawaambie nilichosema leo, usipunguze kitu kwa ajili ya kunistiri. Atakayecheka mwache acheke.

Pikipiki ni ya binti yangu. Usishtuke. Kaka yako ameirudisha yote, na Cheche amekuja mwenyewe kuunyoosha uma, akiwa haoni vizuri, akiupapasa kwa vidole. Ukitaka kuipanda, kaka yako atakufundisha uwanjani kwanza. Usiiendeshe kwa haraka, breki zake bado ni zilezile, wala usiende nayo safari ya mbali ukiwa na miadi. Ipande siku ambayo huna pa kufika. Itakuharibikia, nakuahidi. Ikikuharibikia, shuka, gonga mlango wa jirani. Na kama hutaki kuipanda kamwe, iuze kwa moyo mweupe, wape hata wale wenye viatu safi. Sitaki kitu changu kiwe tena mzigo begani mwako.

Mkikosana, na mtakosana, kwa maana vikombe vya kabati moja havikosi kugongana, kosaneni mchana na mwambiane wiki ileile. Msingoje kama sisi. Tuliona ni ustahimilivu, kumbe tulikuwa tunachoma umri.

Maji... asante, mama watoto. Kidogo tu. Inatosha.

Mungu awape kazi ya mikono na mikono ya kuifanya. Awape watu wa kuwaambia ukweli, na... na masikio ya kuupokea. Watoto wenu wawashinde ninyi, kama ninyi mlivyonishinda. Nimeridhika nanyi. Wote wawili. Sina... sina lililobaki moyoni.

Nendeni sasa mkale, chakula kinapoa. Wewe mwanangu umshike dada yako mkono pale kwenye ngazi. Mlango uacheni wazi kidogo.

Mama yenu abaki. Sogea, mke wangu. Hapa. Huna haja ya kusema kitu.